Baba ameuliza maji ya Alaska yanakwendaje, nami sina jibu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, naishi Minneapolis na mke wangu na watoto wetu wawili. Kwetu ni Wete, Pemba. Baba yangu alikuwa mvuvi wa mshipi na madema mpaka miaka mitatu iliyopita, mgongo ulipomkatalia. Sasa ana miaka 71. Mwaka huu wa 2026, baada ya kuhangaika sana na viza, atakuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Atafika mwisho wa Julai, na akijaliwa atakaa hadi Oktoba.

Tangu nikiwa na miaka minane nilikuwa nikiingia naye baharini. Kazi yangu ilikuwa kukumba maji na kukata chambo. Niliondoka nyumbani nikiwa na miaka 19, na tangu siku hiyo sijakaa chombo kimoja na baba yangu. Nikirudi likizo huwa ni harusi, misiba na kuzungukia jamaa, muda unakwisha. Kwa hiyo nimeweka nia: Agosti nimpeleke Alaska akavue samoni na yule samaki mkubwa bapa, halibuti.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Shemeji yangu na rafiki zake wawili wameshapanga safari yao, tarehe 26 hadi 31 Agosti, kwenye kambi ya uvuvi ya mbali inayofikiwa kwa ndege ndogo tu. Bei ni dola 5,000 kwa kila mtu. Anataka mimi na baba tuungane nao, na anasema nikikosa nitajuta. Mimi nimeweka akiba dola 4,500, basi. Rafiki mwingine anasema tukodi gari la kulala ndani tupite Kanada kwa barabara, itakuwa nafuu.

Mke wangu hataki kusikia lolote. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kila siku anaona baridi inavyowafanya. Ameniambia, "Mzee wa watu umtoe kwenye jua la Pemba ukamtose kwenye barafu?" Tumenuniana wiki nzima.

Nikaona nimpigie baba mwenyewe nimuulize kama anataka. Shangazi, hakuuliza kuhusu samaki, wala baridi, wala ndege. Aliuliza kitu kimoja: "Huko maji yanakwendaje?" Nikamjibu, "Baba, ni bahari tu, kama bahari zote." Akanyamaza. Halafu akauliza watoto hawajambo. Tangu siku ile nahisi nimekosea, na sijui nimekosea wapi.

Niende na shemeji kwa kukopa? Nipite Kanada? Au niache kabisa?

Mtoto wa Mvuvi, Minneapolis

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa viza ya mzee.

Nianze na pale unapohisi umekosea, kwa sababu barua yako yote inaning'inia hapo. Baba yako alikuuliza swali la kazi, swali ambalo mvuvi humuuliza mvuvi mwenziwe. Miaka ile yote uliyokata chambo alikuwa akikufundisha kulijibu. Wewe ukamwambia ni bahari tu. Alinyamaza kwa sababu alidhani umesahau. Hilo linarekebishika, na safari yako ipangwe kuanzia hapo hapo.

Mimi ni wa Tanga, lakini nimekaa Anchorage miaka kumi na moja, na misimu miwili ya mwanzo nilisimama kwenye kiwanda cha samaki na kisu mkononi. Kwa hiyo nikikwambia habari za maji yale, nakwambia niliyoyaona.

Maji ya Homer, mji wa Alaska ulio kwenye mdomo wa ghuba ya Cook, yanakwenda kwa nguvu ambayo baba yako hajawahi kuiona. Pemba bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likiwa kubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa ni kama mita 4. Homer siku za bamvua kubwa hupita mita 7. Maji mafu, yale ya siku za robo ya mwezi, hucheza kidogo zaidi. Sasa fikiria halibuti. Anakaa chini kabisa, pima ishirini, pima arobaini, amejilaza mchangani. Ukitaka chambo kimfikie na kitulie, chubwi, ule uzito unaozamisha mshipi, lazima lishinde mkondo. Siku za maji mafu utatumia chubwi la kilo moja hivi na utavua muda mrefu. Siku za bamvua unafunga chubwi zito zaidi, mshipi unalala kama bendera, na unabaki kungoja ile nusu saa maji yanaposimama kabla ya kugeuka. Kijana wa miaka 30 atavumilia kupandisha chuma kile mara ishirini kutwa. Mgongo wa baba yako hautavumilia.

Ndiyo maana tarehe za shemeji yako sizipendi, hata angekulipia. Mwezi mpevu ni tarehe 28 Agosti, maana yake siku zake zote zimeangukia kwenye bamvua. Isitoshe, kuanzia mwisho wa Agosti pepo na mvua huzidi kule, na ndege ndogo za kambi za mbali hukaa chini siku nzima au mbili zikingoja mawingu yainuke. Mzee akiumwa tumbo huko, daktari yuko upande wa pili wa mlima. Na kuna jambo moja ambalo naona hujalitazama kwenye kalenda: Maulidi yanaangukia karibu na tarehe 25. Mzee wa Wete, mara yake ya kwanza nje, umpakie kwenye ndege kesho yake? Muache ayasome na wajukuu wake.

Mwezi mwandamo unaingia kati ya tarehe 12 na 14 Agosti. Robo ya kwanza ni tarehe 20, siku ya Alhamisi. Kwa hesabu ya baba yako hiyo ni kama siku ya saba ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, na hakuna haja ya kumweleza siku ya saba maji yakoje. Basi fika Anchorage Jumanne tarehe 18, lala. Jumatano endesheni gari taratibu hadi Homer. Ni kilomita kama 355, saa tano za barabara, ukisimama kila mzee anapotaka kunyoosha miguu. Mtasimama sana, kwa sababu njia inapita kando ya maji na milima yenye barafu juu. Alhamisi mpande mashua. Ijumaa iacheni wazi. Hiyo siku ya akiba usiikate hata ukiona gharama, kwani nahodha wa kule akiona bahari imechafuka haondoki, na wenye ratiba ya siku moja hurudi kwao mikono mitupu. Jumamosi mrudi Anchorage, Jumapili nyumbani.

Usikodi mashua kabla ya kuuliza jambo hili: mashua za kukodi za eneo lile zina siku za wiki ambazo haziruhusiwi kubaki na halibuti. Jumatano imekuwa miongoni mwa siku hizo kwa miaka kadhaa, na baadhi ya Jumanne pia. Idadi na urefu wa samaki unaoruhusiwa hupangwa upya kila mwaka, kwa kuwa Marekani na Kanada humsimamia samaki huyu kwa pamoja kupitia tume yao tangu 1923. Muulize nahodha kuhusu tarehe yenyewe, na akujibu kabla hujalipa.

Mashua iwe ya abiria sita, yenye chumba chenye joto na choo. Choo usikione kitu kidogo. Mzee wa miaka 71 kwenye baridi atakihitaji, na aibu itamzuia kusema. Omba safari ya nusu siku kama ipo, msitoke nje ya ghuba kuelekea bahari kuu. Bei kwa safari ya siku nzima ni dola 300 na zaidi kwa kila mtu, nusu siku hupungua. Leseni ya mgeni kwa siku tatu ni dola 30, nawe unahitaji yako na yeye yake. Ukikata tiketi mapema, hizo 4,500 zako zinatosha bila kukopa kwa mtu.

Barabara ya Kanada isahau. Baba yako ana pasipoti ya Tanzania, atahitaji viza ya Kanada kupita, hata kama hatateremka kununua maji. Vivyo hivyo tiketi ya ndege: hakikisha haibadilishi Vancouver.

Sasa nije kwa mkeo, maana ana haki. Agosti Homer mchana ni nyuzi 13 hadi 16, na juu ya maji upepo unakata zaidi. Hiyo ni baridi ya kweli kwa mtu wa Pemba, ingawa barafu hutaiona ila vileleni. Mwambie hivi: orodha ya nguo za mzee aandike yeye. Fulana za sufu mbili, suruali ya ndani, kofia ya kufunika masikio, glavu jozi mbili kwa kuwa ya kwanza italowa, koti la mvua, viatu virefu vya mpira vilivyozidi namba moja ili soksi nene ziingie. Ampeleke pia kwa daktari kabla ya safari, aulize kuhusu vidonge vya kuzuia kutapika baharini na kama vinapatana na dawa zake nyingine. Baba yako atasema yeye hatapiki, bahari ni nyumba yake. Ni kweli katika mtumbwi. Mashua yenye injini inayonguruma, imetia nanga na inayumbishwa ubavu, imewalaza mabaharia wengi. Anayewatunza wazee kila siku ndiye anayefaa kuamua kama mzee anaweza, na akipewa kazi hiyo naamini kununa kutakwisha.

Kuhusu samoni, usimpeleke kwenye mito. Watu watakusifia mto Kenai. Maji yake yanatoka kwenye barafu, mawe yanateleza, watu wamebanana, na dubu nao wanakuja kula. Yule samoni mkubwa kuliko wote, chinuku, miaka ya karibuni jimbo limefunga uvuvi wake mtoni humo kwa sababu wamepungua. Agosti ni msimu wa koho, ambaye wenyeji humwita samoni wa fedha, na huyo utampata hapo hapo Homer.

Homer ina ulimi wa mchanga na changarawe unaoingia baharini kilomita 7, mashua zote ziko juu yake. Njiani, mkono wa kushoto ukitoka mjini, kuna kidimbwi kilichochimbwa, kina mlango mmoja wa kuingilia maji. Jimbo huleta vifaranga vya samoni na kuwaachia humo. Wanakwenda bahari kuu, wanakua, kisha wanarudi kwenye kidimbwi kile kile, ingawa hakina mto wa kutagia. Wanapafuata kwa sababu ndipo walipoachiwa wakiwa wadogo. Maji yakijaa, wanaingia nayo mlangoni, unaona migongo yao inachana uso wa maji. Mtu anavua akiwa amesimama ufukweni, au amekaa kwenye kiti. Ningekuwa wewe, Jumatano jioni ningefika hapo maji yakianza kujaa. Jua mwezi huo linazama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo mna muda mrefu.

Na mwambie baba aje na mshipi wake kutoka Wete. Ninajua unavyocheka, lakini sheria ya Alaska inapoeleza uvuvi wa burudani inataja mshipi ulioshikwa mkononi kabla hata ya kutaja fimbo. Aulize tu kidimbwini kama hakuna sharti la siku hiyo kuhusu ndoana. Koho ana kasi, huruka juu ya maji akishanaswa, basi avae glavu na asizungushe mshipi kiganjani. Hilo la mwisho analijua kuliko mimi na wewe.

Kwenye mashua ya halibuti atashika fimbo, hapo usibishane na nahodha. Kuna jambo moja litakalomsumbua mzee na inabidi umwandae. Ndoana ya halibuti ni ya mviringo, ncha yake imejikunja kwa ndani. Sisi tumefundishwa samaki akigusa tu, kung'uta. Ukiing'uta ile inatoka mdomoni tupu. Samaki agonge, agonge tena, mwache, mpaka fimbo yenyewe iiname ikae imeinama, ndipo uanze kukunja mshipi polepole. Ndoana inajipachika pembeni mwa mdomo yenyewe. Nimeona wanaume waliovua miaka thelathini wakipoteza samaki watano mfululizo kwa sababu mkono haukubali kusubiri. Fanyeni mazoezi nyumbani: wewe ushike mwisho wa mshipi uvute, yeye azoee kutong'uta. Watoto watafurahi.

Halafu atakapompata, mwache amtazame vizuri kabla baharia hajamtia kwenye sanduku. Ni gayogayo aliyekuwa jitu: upande wa chini mweupe kama bakuli la kauri, upande wa juu rangi ya matope, macho yote mawili upande mmoja, wa kulia. Akizaliwa huogelea wima kama samaki wengine, jicho moja kila upande. Akiendelea kukua, jicho la kushoto linahama, linapita juu ya kichwa mpaka linakaa na mwenziwe, ndipo anajilaza. Majike ndio wanaokuwa wakubwa, wengine hupita kilo 200, na hao mkia wao unaweza kuvunja mguu wa mtu, ndiyo maana nahodha huwachoma chusa au kuwapiga risasi kabla ya kuwaingiza chomboni. Msiwatafute hao. Ombeni wale wa kilo tano hadi kumi, ambao wenyeji huwaita kuku. Nyama yake ni laini, nyeupe, haivunjiki kwenye mchuzi wa nazi.

Mkirudi bandarini, baharia atawapasua samaki mezani kwa dakika chache, atachukua minofu tu, na mabaki yote atayatupa. Hapo baba yako atauliza, "Kichwa kiko wapi?" Mimi wiki ya kwanza kiwandani nililia kwa vichwa nilivyoona vinatupwa. Mwambieni mapema kabisa, kabla kisu hakijashuka, kwamba vichwa vya koho mnavitaka, na mashavu ya halibuti pia, yale mafundo mawili ya nyama chini ya macho. Kisha mgandishe vyote na kufunga kwenye sanduku lisilozidi kilo 23, linapita kwenye ndege kama begi la kawaida.

Kwenye ulimi ule ule kuna kibanda cha nguzo chenye kengele, ukumbusho wa waliopotea baharini. Mpitishe hapo Ijumaa kama hakuna mvua. Usimweleze mengi, atawakumbuka wa kwenu.

Shemeji mwambie asante, kwa upole, na umletee mnofu.

Leo usiku, Wete kukiwa kumekucha, mpigie baba. Fungua kwenye intaneti jedwali la maji la Homer, tarehe 20 Agosti. Yameandikwa kwa futi. Futi sita ni pima moja, mgawie mwenyewe. Usimweleze chochote kuhusu Alaska. Msomee tu: yanajaa saa hii, kwa kina hiki, yanakupwa saa hii, kwa kina hiki. Kisha nyamaza wewe, umwache apige hesabu. Akikutajia saa ya kushusha mshipi, iandike, na siku ukimpigia nahodha mwulize kama ndiyo hiyo.

Shangazi